Mtelezaji, Mbawakawa wa Kuzunguka au Mwogelea Chali: Yupi Anafaa Kuchunguzwa na Chama cha Sayansi?

Mwalimu wa Nairobi anayetaka wanafunzi wake wamwone mwindaji akiwa kazini, akivizia, akikamata na kula, hahitaji kukodi basi la kwenda Maasai Mara. Bwawa dogo la bustani lenye mayungiyungi, ukingo wa kijito mahali maji yanapotulia nyuma ya jiwe, hata dimbwi la mvua lililokaa majuma kadhaa bila kukauka, vyote vinaweza kuwa na wadudu wanaoishi kwa kuwinda kwenye uso wa maji. Linalowatatiza walimu na wazazi wanaosimamia vyama vya sayansi ni uchaguzi: kati ya wadudu hao, ni yupi wa kuchunguzwa kwa muhula mzima? Nawaweka hapa watatu bega kwa bega, na wa nne kwa ufupi, kwa kuwa kila mmoja hufundisha jambo ambalo mwenzake hawezi kulifundisha vizuri, na kila mmoja ana masharti yake ya maji, ya chombo na ya usalama.

Wa kwanza ni kunguni (kwa maana pana ya wadudu wenye domo la kuchoma na kunyonya, si kunguni wa kitandani) wa familia ya Gerridae, mwenye mwili mwembamba na miguu mirefu iliyotanuka, ambaye hapa nitamwita mtelezaji. Wataalamu wameeleza zaidi ya spishi 1,700 za familia hiyo duniani, na jenasi ya Limnogonus ni mojawapo ya zinazopatikana Afrika. Wa pili ni mbawakawa wa kuzunguka, wa familia ya Gyrinidae, mweusi anayeng'aa, mwenye umbo la duaradufu, anayezunguka juu ya maji kwa kasi inayolishinda jicho. Wa tatu ni mwogelea chali wa familia ya Notonectidae, kunguni anayeogelea tumbo likiwa juu na mgongo chini. Huyu wa tatu haishi juu ya maji kwa maana kamili, kwa sababu hushambulia kutoka upande wa chini wa utando wa maji, lakini nimemwingiza kwa makusudi: mawindo yake mengi ni yaleyale ya mtelezaji, na mara nyingine mtelezaji mwenyewe ndiye mawindo.

Buibui wanaowinda juu ya maji, kama wale wa jenasi ya Nilus, nimewaacha kwa kuwa si wadudu. Hata hivyo, mwanafunzi akimwona mmoja kwenye jani la yungiyungi, miguu ya mbele ikiwa imegusa maji, amhesabu miguu yake minane na aandike alichokiona.

Mahali mwili ulipo

Tofauti iliyozaa tofauti nyingine zote ni mahali mwili wa kila mmoja ulipo ukilinganishwa na uso wa maji. Molekuli za maji zilizo juu huvutwa na wenzao wa chini na wa kando kwa nguvu kuliko zinavyovutwa na hewa, na mvutano huo huufanya uso wa maji uweze kubeba kitu chepesi kisicholowa. Mtelezaji hutegemea mvutano huo peke yake. Miguu yake imefunikwa kwa maelfu ya vinyweleo vidogo mno, kila kimoja kikiwa na vifereji vinavyoshika hewa, hivi kwamba maji hayaigusi ngozi ya mguu. Mwaka 2004 watafiti wawili wa China, Xuefeng Gao na Lei Jiang, walionyesha katika jarida la Nature kwamba mguu mmoja wa mtelezaji unaweza kustahimili nguvu inayokaribia mara 15 ya uzito wa mwili wake wote kabla ya kutoboa maji. Hata makucha yake hayakuwekwa kwenye ncha ya mguu kama ilivyo kwa wadudu wengi. Yamerudi nyuma kidogo, yasije yakauchana utando anaousimamia.

Jambo hili mwanafunzi huliona bila darubini. Mtelezaji akiwekwa katika beseni jeupe lenye maji ya kina cha sentimita chache, na jua likamulika kutoka juu, kila mguu unaobonyeza maji hutupa chini ya beseni kivuli cha mviringo kilicho kipana kuliko mguu wenyewe. Mguu ni mwembamba kiasi cha kutoonekana vizuri, lakini kivuli chake kinaweza kupimwa kwa rula. Mimi sijui njia nyingine ya kufundisha mvutano wa uso wa maji inayolionyesha jambo lenyewe kwa uwazi huu na kwa gharama ndogo hivi, na hiyo ni sababu nzito ya kumpendelea mtelezaji.

Mbawakawa wa kuzunguka amekaa nusu kwa nusu. Sehemu ya juu ya mwili wake hubaki kavu, sehemu ya chini imezama, na mwili wenyewe umejengwa kwa maisha hayo ya mpakani. Kila jicho lake limegawanyika mara mbili, hivi kwamba anaonekana kuwa na macho manne: mawili ya juu hutazama hewani na mawili ya chini hutazama majini, akamwona ndege anayeshuka na samaki anayepanda kwa wakati mmoja. Akitishwa huzama mara moja, akichukua povu la hewa chini ya mabawa yake magumu, na povu hilo huonekana linang'aa kwenye ncha ya tumbo lake kama tone la zebaki. Mwanafunzi mwenye lenzi ya kukuzia, akipewa mbawakawa mmoja ndani ya chupa safi ya kioo kwa dakika chache, ataweza kuchora mgawanyiko huo wa macho kwa mkono wake.

Mwogelea chali yuko upande wa pili wa mpaka. Huning'inia chini ya uso wa maji, ncha ya tumbo ikiwa imegusa utando ili avute hewa, na hewa hiyo huihifadhi kati ya vinyweleo vya tumboni. Kwa kuwa amepinduka, rangi zake nazo zimepinduka: mgongo unaotazama chini umepauka, na tumbo linalotazama juu lina rangi nzito, kinyume cha samaki wengi. Samaki anayemtazama kutoka chini humwona mweupe dhidi ya mwanga wa anga, na ndege anayemtazama kutoka juu humwona mweusi dhidi ya tope. Spishi za jenasi ya Anisops, zinazopatikana pia Afrika, zina hemoglobini mwilini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, jambo adimu kwa wadudu, na oksijeni inayotoka humo huwawezesha kuelea katikati ya maji kwa muda bila kupanda wala kuzama. Ni somo zuri, ila ni somo la wanafunzi wakubwa waliokwisha kusoma damu na upumuaji.

Mwendo

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba mtelezaji hujisukuma kwa kutengeneza mawimbi madogo nyuma yake. Mwaka 1993 Mark Denny, mwanabiolojia wa Marekani, alionyesha tatizo lililomo: kiumbe hawezi kutengeneza mawimbi ya namna hiyo bila kuusogeza mguu wake kwa kasi inayozidi sentimita 23 hivi kwa sekunde, na miguu ya watelezaji wachanga ilidhaniwa kuwa haifikii kasi hiyo, ilhali wao husonga mbele bila shida. Jibu lilitolewa mwaka 2003 na David Hu, Brian Chan na John Bush, walioyatia maji rangi na kuona kwamba kila pigo la miguu ya kati huacha chini ya uso wa maji vijizunguko viwili vya maji, vinavyorudi nyuma huku mdudu akienda mbele. Miguu ya kati hupiga makasia, miguu ya nyuma huongoza njia, na ile ya mbele, iliyo mifupi, imetengwa kwa ajili ya kukamata. Mtelezaji mzima anaweza kufikia mita moja na nusu kwa sekunde.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu linaweza kurudiwa shuleni. Simu yenye uwezo wa kurekodi mwendo wa polepole, ikishikwa juu ya beseni, itaonyesha miguu ya kati ikipiga kwa pamoja na mwili ukiteleza mbali kwa pigo moja. Kwa mbawakawa wa kuzunguka, simu hiyohiyo haitasaidia sana. Miguu yake ya kati na ya nyuma ni mifupi na bapa, hukunjuka wakati wa kupiga maji na kujikunja wakati wa kurudi, na huenda haraka mno hata mwanafunzi asione ila ukungu. Zaidi ya hayo, akiwekwa katika beseni dogo hugonga kuta na kuzama mara kwa mara, na tabia anayoionyesha humo si ile ya bwawani. Mwogelea chali yuko kati ya hao wawili: miguu yake ya nyuma ni mirefu, ina pindo la vinyweleo, na pigo lake huonekana vizuri kupitia ubavu wa chombo cha kioo, si kutoka juu.

Namna ya kuwinda

Wote watatu hutumia uso wa maji kupata habari. Nzi au kumbikumbi anapoanguka majini hutapatapa, na kutapatapa huko hutuma viwimbi pande zote. Mtelezaji huvipokea kwa miguu, hugeuka kuelekea vinakotoka, huteleza, humshika mdudu kwa miguu ya mbele na kumchoma kwa domo lake lililochongoka. Humwingizia majimaji yanayomeng'enya nyama ndani, kisha huinyonya. Mwogelea chali naye huhisi viwimbi hivyo kutoka chini, hupanda ghafla, na hula kwa njia ileile ya kuchoma na kunyonya. Mbawakawa wa kuzunguka huvihisi kwa papasi zake fupi zinazogusa uso wa maji, zenye kiungo nyeti sana cha kupokea mtikisiko, hukamata kwa miguu ya mbele iliyo mirefu, lakini yeye hutafuna, kwa maana ni mbawakawa wala hana domo la kuchoma.

Kwa mtelezaji, viwimbi hutumika pia kama mawasiliano. R. Stimson Wilcox wa Marekani alieleza mwaka 1979 kwamba madume ya spishi moja ya huko hutikisa maji kwa viwimbi vya haraka, karibu 80 hadi 90 kwa sekunde, na kwamba dume humtambua mwenzake kwa ishara hiyo. Asiyeitoa huchukuliwa kuwa jike. Mwanafunzi hawezi kuvipima viwimbi hivyo kwa vifaa vya shule, lakini anaweza kufanya jaribio lililo jepesi: aguse uso wa maji kwa ncha ya unyasi, taratibu, kwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mtelezaji, kisha aandike kama mdudu amegeuka, amekuja au amekimbia. Akirudia kwa mguso wa nguvu zaidi, matokeo yatabadilika, na hapo mazungumzo ya darasani yatakuwa yameanza yenyewe.

Saa ya kuwinda nayo ina uzito katika uchaguzi. Mbawakawa wa kuzunguka huwa wamekusanyika kwa makundi mchana, na wengi wao hutawanyika kwenda kutafuta chakula giza linapoingia. Chama kinachokutana saa nane mchana kitaona kundi zuri likizunguka, lakini kitaona uwindaji kwa nadra. Mtelezaji hula mchana kweupe, mbele ya watazamaji, ilmradi wasimtupie kivuli.

Kuhusu mbu, ambao ndio swali la kwanza la wazazi wengi, mwogelea chali hana mpinzani hapa. Hula viluwiluwi kwa wingi, kwa kuwa viluwiluwi hupanda kupumua pale pale anaponing'inia. Uchunguzi wa Leon Blaustein na wenzake nchini Israel ulionyesha kwamba majike ya mbu wa spishi ya Culiseta longiareolata huepuka kutaga katika maji yenye mwogelea chali, kwa kuhisi kemikali anazoziacha majini. Mtelezaji hula viluwiluwi wanaofika juu na mbu wanaotoka kwenye pupa, lakini yeye ni mwokotaji wa kila kinachoanguka, si mtaalamu wa viluwiluwi.

Hapa ndipo anapostahili kutajwa wa nne, kunguni kijiti wa jenasi ya Hydrometra, mwembamba kupita kiasi, mwenye kichwa kirefu ambacho macho yamekaa karibu na katikati yake. Hatelezi, hutembea juu ya maji polepole ukingoni mwa mimea, na huchoma viluwiluwi na viumbe wadogo kupitia utando wa maji kwa domo lake. Mtoto mtulivu atampenda. Darasa la wanafunzi arobaini wanaosukumana halitamwona kabisa, na kwa sababu hiyo simpendekezi kwa chama kizima.

Maji ya Nairobi

Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, katika Kaunti ya Kiambu, na hali yake hubadilika vibaya kadiri unavyoshuka kupita katikati ya jiji kuelekea Gikomba na mitaa ya mashariki. Watoto wasipelekwe kwenye maji yanayopokea majitaka, hata kama wadudu wapo. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaoamini kwamba mdudu akionekana juu ya maji, basi maji hayo ni safi. Imani hiyo ina hatari. Wadudu hawa wakiwa wazima hupumua hewa ya juu, si oksijeni iliyoyeyuka majini, kwa hiyo wanaweza kuishi mahali ambapo samaki na tunutu, yaani wachanga, wa wadudu wengine wamekufa kwa kukosa pumzi. Katika SASS5, mfumo wa Afrika Kusini wa kukadiria afya ya mito kwa kutazama viumbe wake wadogo, ambapo alama huanzia 1 kwa wavumilivu wa uchafu hadi 15 kwa wanaohitaji maji safi kabisa, mwogelea chali amepewa 3, mtelezaji na mbawakawa wa kuzunguka 5 kila mmoja, na kunguni kijiti 6. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kusimama kama shahidi wa usafi wa maji.

Uchafu mmoja, hata hivyo, humgusa mtelezaji kuliko wenzake, nao ni sabuni. Maji safi katika nyuzi 25 za Selsiasi yana mvutano wa milinewtoni 72 hivi kwa kila mita, na sabuni ya kufulia inaweza kuupunguza hadi nusu au chini ya hapo, mbali na kuyafanya maji yalowanishe vinyweleo vya miguu. Mahali watu wanapofua nguo au kuosha magari kwenye ukingo wa mto, mtelezaji hupoteza sakafu anayoisimamia. Mwogelea chali, ambaye tayari yuko ndani ya maji, haanguki popote, ingawa naye hutegemea utando huo anapovuta hewa. Jaribio la kuonyesha jambo hili lifanywe kwa sindano ya kushonea iliyolazwa juu ya maji, kisha tone la sabuni likadondoshwa kando yake. Lisifanywe kamwe kwa mdudu hai. Sindano hufundisha yaleyale, na mwalimu hatakuwa amewafundisha watoto kwamba kuzamisha kiumbe ni mchezo.

Kwa mahali pa kutazama, ningeanzia kwenye bwawa la bustani ya shule au ya jirani aliye tayari kuwakaribisha, kisha vijito na mabwawa ya Msitu wa Karura, kisha bustani ya miti ya Arboretum. Katika Karura na Arboretum, kutazama na kupiga picha kunatosha, na anayetaka kuchukua mdudu yeyote aombe idhini ya wasimamizi kwanza. Mabwawa ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi yanavutia, lakini ni mahali pa wanyama wakubwa, na ukingo wa maji wa namna hiyo si mahali pa kuchutama na beseni. Popote palipo na konokono wa majini, watoto wasiingize miguu wala mikono mitupu majini kwa sababu ya kichocho, ambacho vijidudu vyake hupenya ngozi. Watumie chujio lenye mpini mrefu na glavu za mpira.

Baada ya mvua za masika, Mei kuelekea Juni, madimbwi yamejaa na mkondo wa vijito umepungua nguvu. Huo ndio wakati ambao ningechagua kwa mtelezaji na kwa mwogelea chali. Julai jiji hupoa, na ukuaji wa wadudu hupungua kasi kadiri joto linavyoshuka, kwa hiyo anayetaka kufuatilia tunutu wakikua asisubiri hadi wakati huo.

Chombo, chakula na usalama

Mtelezaji anahitaji beseni pana lisilo na harufu ya sabuni, lililosuuzwa mara nyingi, maji kutoka bwawa alilotoka, na kipande cha chandarua cha kufunika juu, maana baadhi ya watelezaji wana mabawa na huruka usiku. Awekewe jani au kipande cha gome la kupumzikia. Chakula chake ni nzi waliouawa bila dawa, au kumbikumbi, mmoja mmoja. Wadogo na wakubwa watengwe, kwa kuwa mwenye njaa humla mdogo wake. Haumi kwa kawaida anaposhikwa vizuri, ingawa ni bora asishikwe kabisa. Akamatwe kwa kikombe.

Mwogelea chali huuma, na maumivu yake hulinganishwa na ya nyuki. Hiyo peke yake inatosha kumwondoa kwenye orodha ya watoto wa gredi za chini. Chombo chake kiwe na kuta za kioo au plastiki angavu na kifunikwe, kwa kuwa naye huruka vizuri na huvutwa na nyuso zinazometameta. Asiwekwe pamoja na mtelezaji, kwa sababu atamshambulia kutoka chini. Mwalimu awe makini pia asimchanganye na kunguni wakubwa wa familia ya Belostomatidae, ambao huvutwa na taa usiku na ambao maumivu ya kuuma kwao ni makali zaidi.

Mbawakawa wa kuzunguka hamuumizi mtoto, ila akishikwa hutoa majimaji yenye harufu, yanayowafanya samaki wamteme. Kumfuga ndiko kugumu. Anahitaji nafasi kubwa, hupata shida katika chombo kidogo, na maisha yake yamegawanyika mahali pengi: buu huishi majini na kupumua kwa matamvua, pupa hukaa nchi kavu ukingoni, na mzima hurudi juu ya maji. Mtelezaji, kwa kulinganisha, hutoka kwenye yai akiwa tunutu anayefanana na mzazi wake, hujivua gamba mara tano, na maisha hayo yote baada ya yai huyamaliza juu ya maji yaleyale, mbele ya macho ya mwanafunzi.

Uchaguzi wangu

Kwa chama kinachoanza, au kwa gredi ya nne hadi ya sita, ningemchagua mtelezaji bila kusita. Anaonekana mchana, hahitaji vifaa vya gharama, hutoa fizikia na biolojia katika beseni moja, na makosa madogo ya watoto hayaleti madhara. Anastahili pia kwa sababu ya urithi wetu wenyewe wa kutazama kunguni kwa subira: Thomas Odhiambo, mtaalamu wa wadudu wa Kenya aliyeanzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe hapa Nairobi mwaka 1970, alikuwa amechapisha mwaka 1959 uchunguzi wake kuhusu kunguni mwindaji wa nchi kavu, Rhinocoris albospilus, ambaye dume lake hulinda mayai. Kazi ya namna hiyo huanza kwa macho na daftari, na mtelezaji ni mdudu anayemruhusu mtoto wa miaka kumi kuianza.

Kwa gredi ya saba hadi ya tisa, hasa shule iliyo katika mtaa unaosumbuliwa na mbu, mwogelea chali ana faida ambayo mtelezaji hana, nayo ni kwamba anahesabika. Viwekwe vyombo viwili angavu vyenye maji sawa na viluwiluwi 20 kila kimoja, kimoja kiwe na mwogelea chali mmoja na kingine kisiwe naye, vyote vifunikwe kwa chandarua, kisha viluwiluwi vilivyobaki vihesabiwe kila asubuhi. Chombo kisicho na mwindaji ndicho kitakachoonyesha ni vingapi vilivyokufa au kugeuka mbu bila kuliwa, na mwalimu asikubali matokeo yanayokiacha nje. Jaribio likiisha, maji yenye viluwiluwi yamwagwe juu ya udongo mkavu, mbali na mitaro, ambako viluwiluwi vitakufa, na mwogelea chali arudishwe kwenye bwawa alilotoka, si bwawa jingine.

Mbawakawa wa kuzunguka ningemwacha bwawani. Simshushi hadhi kwa kusema hivyo. Kwa umbo na kwa macho, yeye ndiye wa ajabu kuliko wote watatu, na shule iliyo karibu na bwawa safi ina bahati ambayo haipaswi kuipoteza. Lakini achunguzwe akiwa huru, na kikundi kidogo cha wanafunzi wakubwa walioketi kimya ukingoni saa kumi na moja jioni, wakiandika ukubwa wa kundi kila baada ya dakika kumi hadi mwanga uishe, na kutazama kama kundi linatawanyika na kuelekea wapi. Kwa kazi hiyo inahitajika idhini ya wazazi, mtu mzima anayelijua bwawa hilo, na usafiri wa kuwarudisha watoto nyumbani kabla ya giza kukomaa.

Zipo shule ambazo maji yaliyo karibu nazo hayatatoa uchaguzi wowote, kwa sababu chujio litatoka na mdudu mmoja tu wa aina moja. Mara nyingi atakuwa mwogelea chali, ambaye huruka na kufika haraka kwenye madimbwi mapya, hata kwenye tangi la maji lisilofunikwa. Katika hali hiyo mwalimu wa gredi za chini bado anaweza kumtumia, mradi chombo kifungwe kwa uzi juu ya chandarua na yeye mwenyewe, si mtoto, ndiye atakayekifungua wakati wa kulisha.